Mfalme Asiye na Jina: Tabia na Elimu ya Kiongozi katika Riwaya za Shaaban Robert

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito wake katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Je, kiongozi huweza kujifunza? Simaanishi kusomeshwa kabla ya kushika madaraka, kwani hilo hakuna alikataaye. Namaanisha kujifunza akiwa tayari kitini, umri umekwenda, amri zake zatiiwa, na waliomzunguka wamekwisha kuzoea kumwambia kwamba ajua kila jambo.

Hekima ya wahenga wetu imegawanyika juu ya suala hili. Upande mmoja twaambiwa samaki mkunje angali mbichi, yaani tabia ya mtu hutengenezwa utotoni na ikishakauka haikunjiki tena. Upande wa pili twaambiwa elimu haina mwisho. Methali zote mbili husemwa na watu wale wale, pengine katika baraza moja na jioni moja, wala hapana aonaye mgongano, kwa sababu ya kwanza huambiwa wazazi na ya pili huambiwa wanafunzi. Lakini ziweke mbele ya mtawala, uone zinavyogombana. Ikiwa tabia yake imekwisha kukauka, elimu isiyo na mwisho itamwingia wapi? Na ikiwa bado aweza kujifunza, ni nani mwenye haki ya kumfundisha, hali asiyesikia la mkuu ndiye tunayeambiwa kwamba huvunjika guu? Mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini? Methali hiyo haisemi.

Mapokeo ya fasihi yetu yamejaa mawaidha, nayo karibu yote huteremka. Mwana Kupona alimuusia binti yake katika utendi wake wa mwaka 1858. Shaaban Robert naye aliwatungia watoto wake tenzi mbili za wasia, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Mzazi humwusia mwana, mzee humwonya kijana, mwalimu humwelekeza mwanafunzi. Wasia unaopanda, utokao chini kwenda juu, hauna utenzi wake. Atakaye kumwonya mfalme hana budi kutafuta njia nyingine, na njia iliyotumika tangu zamani katika nchi nyingi ni hadithi. Ibn al-Muqaffa, aliyekitia kitabu cha Kalila na Dimna katika Kiarabu katika karne ya nane, aliwapa wanyama maneno ambayo mtu asingeyasema mbele ya sultani bila kuogopa shingo yake. Shaaban Robert, aliyeanza kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926 na kuitumikia serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa na sababu zake za kuijua njia hiyo.

Ni desturi, tunapozungumzia wahusika wa Shaaban Robert, kuanza na majina yao. Majivuno hujivuna. Karama ana karama. Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Wahakiki wengi wa miaka ya 1970 na 1980, hasa walioegemea nadharia ya matabaka, walimtia mwandishi huyu hatiani kwa jambo hili. Walisema kwamba wahusika wake ni vivuli vya sifa, si watu, kwamba hawabadiliki, na kwamba mwandishi amejaribu kutatua dhuluma za jamii kwa kutaka watu wawe wema tu. Sikubaliani na shutuma hizi zote, lakini sina budi kukiri kwamba zina ukweli ndani yake. Mtu aliyeitwa Majivuno tangu ukurasa anaoingia hana njia ya kujifunza unyenyekevu. Jina limekwisha kumkunja, naye si mbichi.

Mwaka mmoja nilikuwa nikifundisha Kusadikika katika darasa la walimu waliorudi chuoni kuongeza masomo. Nilikuwa nimeandika majina ya wahusika ubaoni, na maana ya kila jina mkabala wake, kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe. Mama mmoja, ambaye alikuwa ameongoza shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kuketi tena katika dawati la mwanafunzi, aliinua mkono akasema, "Mwalimu, mbona mfalme hana jina?" Nilimjibu kwamba mfalme si mhusika mkuu, kwa hiyo jina lake halikuhitajika. Jibu hilo lilikuwa jepesi, tena lilikuwa baya. Makala haya ni jaribio la kulitengeneza.

Ni kweli kwamba katika Kusadikika, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1951, mtawala wa nchi ile iliyo angani huitwa Mfalme tu. Waziri wake ana jina, mshitakiwa ana jina, wajumbe sita wana majina: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Mfalme peke yake hakufungwa na sifa yoyote. Hatuambiwi kwamba ni mwema wala kwamba ni katili. Naye ndiye mtu mmoja katika hadithi nzima ambaye mwishoni hatendi kama alivyotenda mwanzoni. Mimi siamini kwamba hili ni jambo la bahati. Mwandishi aliyewagawia watu wake majina kwa uangalifu namna hii, akamnyima jina yule ambaye hadithi yamhitaji abadilike, alijua alilokuwa akifanya. Na hata kama hakulijua, kalamu yake ililijua.

Tuitazame kesi yenyewe. Waziri Majivuno amshitaki Karama kwa kosa la kufundisha watu uanasheria kwa siri. Karama hakuiba wala hakuua. Kosa lake ni kwamba amewafanya raia wajue jambo ambalo watawala walipenda walijue peke yao. Msomaji wa haraka huliona shitaka hili kuwa la kipuuzi, na hucheka. Majivuno hana upuuzi. Aelewa vizuri kwamba raia ajuaye sheria ni hakimu wa mfalme wake, na katika hilo ndiye msomaji hodari kuliko wote mle barazani. Tofauti yake na Karama ni kwamba mmoja aliona jambo hilo akaogopa, na mwingine aliliona akalifungulia darasa.

Utetezi wa Karama ndio unaobeba riwaya. Hasemi, "Sikutenda." Wala haombi huruma. Apewapo nafasi ya kujitetea, humsimulia mfalme habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, yaani mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, wakajifunze mambo ya nchi nyingine na kuyaleta nyumbani yafaayo. Kila mjumbe alikwenda kwa mashaka, akaona, akarudi na mapendekezo. Na kila mjumbe alilipwa gereza. Mpango huu unarudiwa mara sita karibu bila mabadiliko, na wapo wanaolalamika kwamba unachosha. Unachosha kweli. Nami naona kwamba ulikusudiwa uchoshe. Mara ya kwanza msikilizaji anaweza kusema kwamba mjumbe yule alikosea namna ya kusema, au kwamba wakati haukufaa. Mara ya pili anaweza bado kutafuta udhuru. Ifikapo mara ya sita hakuna udhuru uliobaki ila mmoja: kwamba nchi hii huwatuma watu wakajifunze, kisha huwaadhibu kwa kuwa wamejifunza. Hakuna njia ya kulifikisha jambo hilo kwa mtawala kwa kulisema mara moja. Lazima alihesabu mwenyewe.

Huu ni ufundishaji. Karama, aliyeshitakiwa kwa kufundisha, amefungua darasa jingine mbele ya macho ya washitaki wake, na mwanafunzi wa darasa hili ni mfalme. Darasa limechukua siku kadhaa. Mwanafunzi hasemi neno kubwa, haulizi maswali ya kuonyesha kwamba ni mwerevu, hamkatizi mwalimu. Wengine huona katika ukimya huu udhaifu wa fani, kwamba mwandishi hakujua kumpa mfalme uhai. Mimi nauona kuwa ndiyo tabia yenyewe. Sifa ya pekee ambayo Shaaban Robert amempa mfalme huyu ni kwamba aliruhusu hadithi ifike mwisho. Angeweza kuikata siku ya kwanza. Waziri wake angefurahi, na sheria za Kusadikika hazikumkataza. Hakuikata, akasikiliza hadi mjumbe wa sita, kisha akamwachilia Karama, na wafungwa wale sita wakatolewa gerezani.

Hapa ndipo nilipo na ugomvi na mwandishi. Mabadiliko ya mfalme hatukuonyeshwa. Tumepewa hukumu tu. Katika ukurasa mmoja yuko kimya, katika mwingine ametoa amri njema. Vita vilivyopiganwa kifuani mwake, kama vilipiganwa, vimebaki siri yake. Aibu ya kukumbuka kwamba watu wale sita walifungwa na baraza lake yeye, hatukuiona. Je, alitazama upande wa Majivuno alipokuwa akitoa hukumu? Usiku ule alilala? Mtu ajifunzaye katika umri wa utu uzima hulipa gharama ambayo mtoto hailipi, kwa sababu mtoto akijifunza huongeza, na mtu mzima akijifunza aghalabu hana budi kwanza kuvunja. Riwaya inaiacha gharama hiyo nje ya mlango. Kwa hiyo wahakiki wa tabaka walikuwa na haki ya kuutilia shaka mwisho huu. Ila walilaumu mahali pasipo. Walisema kosa ni kutegemea wema wa mfalme. Walakini mfalme hakuwa mwema kabla ya kesi. Kama alikuwa mwema, wajumbe wasingefungwa. Kilichowafungua ni raia aliyejua sheria, aliyekumbuka kesi za zamani, na ambaye hakunyamaza. Mawaidha ya Shaaban Robert yanaitumaini tabia, lakini msuko wa hadithi yake watumaini kitu kigumu zaidi.

Adili na Nduguze, iliyotolewa mwaka 1952, yalithibitisha jambo hili kwa njia ya kinyume, maana humo tabia njema imewekwa kileleni tangu mwanzo na bado haitoshi. Adili ni liwali wa Janibu. Ni mtu mpole, mwenye huruma, asiyedhulumu. Na kila usiku huwachapa mijeledi manyani wawili, kisha huwalisha na kuwasikitikia. Manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa husuda na kugeuzwa umbo na jini Huria. Adili awapiga kwa kuwa ameamriwa na jini huyo. Hapendi, alia, na apiga. Nimekuwa nikishangaa kwa nini wasomaji hupita hapa upesi. Huyu ni kiongozi mwadilifu ambaye uadilifu wake wote haukumwezesha kuuliza swali moja: adhabu hii itakwisha lini? Ameitii amri mpaka imekuwa desturi, na desturi ina mjeledi.

Swali hilo linaulizwa na mwingine, na linaanza mahali pa chini kabisa. Ikibali alikuwa ametumwa kukusanya kodi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu fedha na kurudi nazo. Lakini aliona alichokiona usiku, akakichukua pamoja na kodi mpaka kwa mfalme wake, Rai. Msomaji akumbuke kwamba mwandishi mwenyewe aliwahi kuketi katika meza za forodha. Alijua jinsi karani aonavyo mambo ambayo hayamo katika daftari lake. Rai naye angeweza kuuliza habari za fedha tu. Badala yake alimwita liwali, akataka kujua, akasikiliza kisa chote, kisha akaingilia kati mpaka adhabu ikakoma na ndugu wale wakarudishiwa ubinadamu wao. Tazama tena jina. Rai si sifa kama adili au husuda. Rai ni oni, ni shauri. Ni kitu ambacho mtu hukitoa baada ya kufikiri, na aweza kukibadilisha kesho.

Asili ya kisa hiki yajulikana. Imo katika Alfu Lela Ulela, katika hadithi ya Abdallah bin Fadil, liwali wa Basra, na ndugu zake waliogeuzwa mbwa, katika siku za Harun al-Rashid. Wapo waliotumia ujuzi huu kumpunguzia Shaaban Robert heshima, kana kwamba kuchukua kisa cha zamani ni wizi. Mimi naona faida yake, maana twaweza kupima alichokibadilisha. Katika kisa cha Kiarabu ndugu wale wakisharudishiwa umbo la watu huurudia uovu wao na kutaka kumwua tena ndugu yao. Samaki alikuwa amekauka. Shaaban Robert aliukata mkia huo wa hadithi. Wake husamehewa, na msamaha huwafaa. Twaweza kusema kwamba amekilegeza kisa, na labda amekilegeza kweli, kwa kuwa kisa cha Basra kina giza ambalo husadikisha zaidi. Lakini uamuzi wenyewe watuonyesha alipoegemea. Kati ya methali zile mbili nilizozitaja mwanzoni, alichagua ile ya pili, akairefusha mpaka kwa nyani.

Kufikirika, iliyotolewa Nairobi mwaka 1967 baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962, sina nafasi ya kuishughulikia inavyostahili. Itoshe kusema kwamba humo pia mfalme hana jina, na kwamba mtihani wake ni elimu ya mrithi wake. Mwalimu anayetaka mtoto apewe na michezo pamoja na masomo hufukuzwa. Baadaye waganga wadai kafara ya watu wawili, mjinga mmoja na mwerevu mmoja, ili mwana wa mfalme apone, na dola yote husimama kuwatafuta. Kejeli iliyomo humu ni kali kuliko yote aliyoiandika Shaaban Robert: nchi inatamani mrithi mwenye akili, na kwa ajili hiyo iko tayari kumchinja mtu mwenye akili.

Haifai kumwacha msomaji akidhani kwamba fasihi yetu yajua kiongozi wa namna moja tu, yule ajifunzaye na mambo yakawa mema. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka 1969, alilitazama jambo hili kwa jicho lisilo na faraja. Kinjeketile wa tamthilia, ambaye mwandishi amemwumba kutokana na mganga wa Ngarambe katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, atoka mtoni na neno linalowaunganisha watu waliokuwa wametengana. Kisha, naye peke yake, aanza kujifunza. Atambua kwamba neno lile lina nyufa, kwamba ndani yake mtawala mmoja ameondolewa na mwingine ameingizwa, kwamba maji huenda yakawaua waliyoyaamini. Kiongozi huyu anajifunza upesi na kwa uaminifu kuliko wote niliowataja. Lakini watu wamekwisha kujifunza somo lake la kwanza, wala hawataki la pili. Neno limekua likampita aliyelisema. Na mwishoni, Wajerumani wanapomtaka akane maji, akataa. Si kwa kuwa hajui, bali kwa kuwa ajua kukana kwake kutafanya nini katika vichwa vya watoto watakaozaliwa. Mfalme wa Kusadikika angeweza kubadili oni lake kwa amri. Kinjeketile hana amri ya namna hiyo. Shaaban Robert hakulifikia swali hili. Hussein alilifikia akaliacha wazi, na nadhani hakuna aliyelijibu tangu hapo.

Katika mwaka ule ule wa 1969 ndipo Julius Nyerere alipotoa upya tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, kwa jina la Juliasi Kaizari, pamoja na Mabepari wa Venisi. Tafsiri ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika. Ni jambo lisilo la kawaida kwa mkuu wa nchi changa kuketi na mizani ya shairi la Kiingereza usiku. Lisilo la kawaida zaidi ni kwamba baada ya miaka sita aliirudia kazi yake mwenyewe, akaisahihisha mbele ya watu, jina la kitabu likiwa miongoni mwa yaliyobadilishwa. Wako wakuu wengi waliotoa vitabu. Waliotoa masahihisho ni wachache.

Na ni kitabu gani alichokichagua? Ni tamthilia ya mtawala asiyefundishika. Kaizari anaonywa na mtabiri, anaonywa na mkewe, na njiani kuelekea barazani Artemidorus anamnyoshea hati yenye majina ya wanaotaka kumwua, akimsihi aisome kwanza kwa kuwa yamhusu yeye mwenyewe. Kaizari ajibu kwamba yanayomhusu yeye ndiyo yatakayosomwa mwisho. Jibu hili ni zuri! Ni jibu la kiongozi mwenye tabia njema, anayetanguliza mambo ya umma. Na ndilo linalomwua. Shakespeare ameonyesha hapa jambo ambalo mawaidha yetu hayapendi kulikiri, kwamba fadhila yenyewe, ikishakuwa mazoea ya kujionyesha, yaweza kuwa pamba za masikioni. Kaizari ana jina kubwa kuliko yote, na ameanza kujiita kwa jina hilo kana kwamba ni mtu mwingine.

Haki yataka tusimtendee mfasiri wa Kaizari kama mtakatifu. Mwaka 1962 Tanganyika ilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi, na sheria hiyo ilikuwa ikitumika wakati tafsiri zote mbili zilipotoka. Msomaji wa Kusadikika hawezi kulipita jambo hili kimya. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee kwa vikongwe waliketi jioni wakiandika majina yao kwa mara ya kwanza. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, na mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vikafuata. Kwa maneno mengine, mkulima alikuwa akifundishwa kusoma na huku akinyang'anywa baraza ambamo angeweza kuyatumia aliyoyasoma. Sheria za mwaka 1982 zilivirudisha vyote viwili. Mwaka 1984, mwaka mmoja kabla ya kung'atuka, Nyerere alisema hadharani kwamba kama angeanza tena asingeyafanya mambo hayo mawili, na hakuogopa kutaja ujinga na kukosa subira kuwa ndivyo vilivyowaponza. Mtu aweza kuyapima maneno hayo kwa mizani mbili. Kwa mizani ya tabia ni maneno ya nadra, na Afrika haikuyasikia mara nyingi kutoka katika kiti kile. Kwa mizani ya wakulima, ni somo lililochukua miaka kumi na zaidi, na karo wamelipa wao. Mimi sitaki kuchagua mizani moja na kuitupa ya pili, ingawa najua kwamba wenzangu wengi wamekwisha kuchagua.

Ndiyo maana naona haitoshi kuzifundisha riwaya za Shaaban Robert kama orodha ya tabia njema na mbaya, Karama huku na Majivuno kule, mwanafunzi akariri kisha aende zake. Tukifanya hivyo tutakuwa tumemfundisha kijana kungoja mfalme mwenye jina zuri. Katika kila kimoja cha vitabu hivi yuko mtu mdogo ambaye ameona kitu, na swali ni kama kile alichokiona kitafika: mjumbe arudiye safari, karani wa kodi, mwalimu aliyefukuzwa. Mkubwa ni jaa, wasema Waswahili, maana yake kila takataka ya lawama hutupwa kwake naye hana budi kuipokea. Methali hii ndiyo pekee niijuayo inayomwekea mkubwa wajibu wa kusikia. Lakini ni methali ya uvumilivu. Jaa hupokea; halichambui lililotupwa, wala halimwiti aliyelitupa arudi aeleze zaidi. Rai alimwita Adili. Mfalme wa Kusadikika alimwachia Karama siku zake zote.

Yule mama wa darasani alinitafuta baada ya muhula kwisha, kuniletea insha yake. Alikuwa amelijibu mwenyewe swali lake, kwa sentensi moja iliyokuwa pembeni ya ukurasa kwa penseli, kana kwamba hakuwa na hakika kama yaruhusiwa. Aliandika kwamba siku alipopewa uongozi wa shule, walimu wenzake waliokuwa wakimwita kwa jina lake kwa miaka tisa waliacha kulitaja tangu asubuhi ile. Na kwamba tangu asubuhi ile hakuna aliyemwambia tena kwamba amekosea. Nilimpa alama nzuri. Sentensi ile niliinakili katika nakala yangu ya Kusadikika, mkabala wa ukurasa ambapo mfalme anaketi kusikiliza.